Naomba ushauri: Mlima Kenya siku 5, boti ikibaki nangani Tudor, Mombasa

Salaam wadau. Januari twapanda na watoto wawili, njia ya Sirimon hadi kilele cha Lenana, mita 4,985. Twatoka usawa wa bahari, kwa hiyo tumeongeza usiku wa pili kambi ya Old Moses, mita 3,300. Mtoto akiumwa kichwa na kutapika, twashuka papo hapo.

Roho iko kwenye boti ya matanga. Maji yakipwa kina ni mita 5, bamvua (maji makuu) huongeza karibu 4, omo, yaani mbele ya boti, iko mita 1 juu ya maji: jumla 10, hivyo nalegeza mnyororo wa nanga mara tano yake, mita 50. Vali za chini ya maji nafunga zote. Tatizo ni pampu ya ngama, sehemu ya chini kabisa ya boti panapokusanyika maji: uchafu ukikwamisha swichi yake ya kuelea, pampu huzunguka bure mpaka betri ife. Nifunge swichi ya pili juu zaidi, yenye betri yake, au nimlipe mlinzi apande kila asubuhi kufungua ngama na kutazama?