Nimeitwa kazi kampuni ya konsaltansi inayofanyia serikali, niende ama nibaki?

BintiMtongwe:
Asalam aleikum jamani, naombeni ushauri. Niko kampuni ya kliaringi hapa karibu na bandari mwaka wa tatu sasa, kazi ni makaratasi ya mizigo asubuhi mpaka magharibi lakini mwisho wa mwezi mshahara waingia bila maneno. Sasa kuna kampuni ya konsaltansi imeniita, wateja wao ni kaunti na mashirika ya serikali, wafanya utafiti, mipango, tathmini za miradi. Mie nimesomea takwimu na hapa nilipo naona elimu yangu yaoza. Pesa walotaja yazidi kidogo, ila kontrakti ni ya mwaka mmoja. Mamangu anitegemea na mdogo wangu yuko kidato cha tatu. Walofanya kazi hizi nielezeni tamu na chungu yake.

MwanaWaJomvu:
Dadangu mie niko humo mwaka wa tano na bado naipenda. Utajua nchi yako. Hapa Mombasa wadi ni 30 na nishazipita zote kwa vikao vya wananchi. Kuna siku mtaa mmoja upande wa Likoni mama mmoja alisimama akatuambia nyinyi mwaandika maji yamefika kwa sababu mwaona bomba, bomba hili liko miaka na sisi twanunua mtungi. Tuliporudi ofisini tukabadilisha hesabu nzima, tukaacha kuhesabu nyumba zenye bomba tukahesabu siku ngapi kwa wiki maji yatoka, na picha ikawa nyengine kabisa. Yule mama simsahau. Mtu wa takwimu hapo ndipo pako.

Lakini ujue nusu ya kazi ni kuandika tenda. Sheria ya ununuzi ya 2015 yataka kila ukurasa uwe na namba kwa mfululizo, na mara moja sisi viambatisho vilirukwa namba, wiki mbili tumekesha, tukatolewa hatua ya kwanza kabisa, bahasha ya bei hata haikufunguliwa. Nililia wallahi.

KahawaYaKibokoni:
Mie nilikuwa upande wa hesabu kwa kampuni kama hiyo nikatoka, kwa hivyo nitakwambia habari ya pesa. Mwaka wa serikali waisha Juni 30. Kuanzia Aprili kila ofisi yataka ripoti imalizwe invoisi iingie IFMIS, ule mfumo wa kompyuta wa malipo ya serikali, kabla mambo kufungwa, hapo hamlali. Julai na Agosti kimya, mwasubiri Hazina ya Kitaifa ishushe pesa kaunti. Na ukishatoa invoisi kodi ya VAT ya 16% yadaiwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mteja awe amekulipa hajakulipa. Hiyo ndio ilotumaliza sisi. Kaunti moja, jina silitaji, ilipokea ripoti ya mwisho ikagonga muhuri, malipo hakuna, kampuni ikakopa benki ili ilipe kodi na sisi tukakaa miezi minne bila mshahara. Uchaguzi ukaja, gavana mpya, kukaundwa kamati ya kukagua madeni ya nyuma, tukaanza kupeleka makaratasi upya kama hatujawahi kufika pale. Nilihama Tudor nikarudi kwa wazazi na watoto wawili. Kwa hivyo muulize huyo bosi, kaunti ikichelewa mimi nitalipwa kwa pesa gani? Na uchaguzi ni Agosti 2027, uuweke akilini.

BabuWaTononoka:
Mwanangu mie nilikuwa upande wa pili wa meza, afisa wa mipango mpaka nilipostaafu. Ripoti nyingi nilizopokea ziliishia kabatini na hilo laniuma mpaka leo, manake vijana walikuwa wamefanya kazi nzuri. Zile zilotumika ni za kampuni zilokuja kukaa na sisi tangu mwanzo. Jengine, kwenye tenda wasifu wako wa kazi wahesabiwa alama, usikubali jina lako litumiwe kushinda kazi halafu afanye mtu mwengine. Na kila kazi ikiisha omba barua ya kuthibitisha ulifanya nini, hizo barua ndizo zitakazokuinua. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa sasa ni wa 2023 mpaka 2027, baada yake kaunti zote 47 zitaandika mipya, watu wa takwimu watatafutwa.

BintiMtongwe:
Shukran sana, Mungu awabariki. Kaka wa Kibokoni pole kwa yalokupata, nimekusoma mara mbili. Nimewapigia leo nikauliza hilo swali lako, wakasema wana akiba ya mishahara ya miezi mitatu na wana kazi za wafadhili pia. Nimeomba iandikwe kwenye kontrakti kwamba mshahara wangu haungojei mteja alipe, watanijibu Jumatatu. Wakiandika naenda. Wakikataa nabaki hapa bandarini mpaka mdogo wangu amalize shule.

KahawaYaKibokoni:
Hapo sawa dadangu. Muulize pia nauli na malazi ya fildi yalipwa kabla ama baada, sisi tulikuwa twatoa mfukoni.