Darasa la tatu: kitabu anakimaliza, ukimwandikia neno jipya anakwama

binti_wete
Assalamu alaykum. Nasomesha tuisheni nyumbani, Wete, watoto wanne. Mmoja yuko darasa la tatu. Kitabu chake cha skuli anakisoma bila kusita, lakini nikifunika picha au nikimwanzisha katikati ya ukurasa anapotea. Nikiandika "kalamu" ubaoni anasema "ke a le a me u" kisha ananitazama. Na chuoni, anakosoma Kur-ani, wanasema yumo vizuri, yuko juzuu Amma, ile ya mwisho. Mama yake anataka nimwanzishe Kiingereza sasa hivi asije akachelewa. Ninaye baina ya alasiri na magharibi, siku nne kwa wiki. Nianzie wapi?

maalim_jangombe
Waalaykum salaam dada. Anza kwa kumpima, na usimpime kwa kitabu chake, maana hicho keshakihifadhi. Andika maneno kumi yasiyo na maana: tamo, keli, luti, mika, fape, bosu na mfano wa hayo. Anayejua silabi atayasoma ingawa hajapata kuyasikia. Anayekariri atayageuza yawe neno analolijua: "tamo" atasema "tamu". Akipata manane au zaidi, silabi anazo, kilichobaki ni kasi tu. Akipata matatu au manne, rudi mwanzo kabisa wala usione haya kumrudisha.

Hiyo "ke a le a" ndiyo ugonjwa wenyewe. Mtoto anataja majina ya herufi. Ukiunga "ke" na "a" hupati "ka" hata ukikesha. Acha majina kwa muda, mpe silabi nzima. Na hapa chuo kinakusaidia: mwambie a ni fatha, i ni kasra, u ni dhumma, yaani zile haraka, alama za irabu za Kiarabu. Atakuelewa papo hapo.

Ila jihadhari, irabu za Kiswahili ni tano na haraka ni tatu. E na o hazina haraka yake, kwa hiyo watoto wa chuo wengi huchanganya e na i, o na u. Mpe jozi: leta na lita, shoka na shuka, choma na chuma. Soma moja, yeye akuoneshe kadi ipi. Baadaye mbadilishane, yeye asome na wewe uoneshe.

Kadi usinunue. Kata boksi la sabuni vipande vya kama sentimita 6 kwa 4, andika kwa wino mzito, herufi ndogo tupu. Wiki ya kwanza familia nne za silabi: m, k, t, l, kila moja na irabu zake tano. Hizo ni kadi 20 na zinatoa maneno mengi (kiti, moto, meli, kuku, kilima). Kuku anataka "ku" mbili, kwa hiyo ongeza chache za ziada. Kosa kubwa ni kuzipanga ma me mi mo mu. Huo ni wimbo, mdomo unakwenda wenyewe na macho hayapo. Zichanganye kama karata kila siku.

Dakika 15 zinatosha: tatu kadi za jana, tano familia mpya au ile iliyomshinda, nne kuunda maneno mezani, tatu za mwisho imla ya maneno matano. Imla usiiache. Mtoto anaweza kubahatisha kusoma, kuandika hawezi kubahatisha.

ukht_mkoani
Naongeza moja kwa maalim. Juzuu Amma si kipimo, sura zile fupi watoto huzishika kwa sikio kabla hawajajua herufi. Muombe ustadhi wake amfungulie ukurasa wa mbele asiouhifadhi, asome mistari miwili. Akikwama na huko, basi tatizo ni kuunganisha sauti, liko kwenye hati zote mbili. Akisoma vizuri, kuunganisha anaweza, ni herufi hizi tu hakufunzwa sawasawa. Hapo kazi yako itakuwa nyepesi sana.

Na mwangalie macho na masikio. Anasogeza daftari puani? Anageuza shingo ukimwita? Kama ndiyo, hospitali kwanza, kadi baadaye.

kokoto_chache
Mkifika kwenye mb, nd, ng, nj, nz ndipo wengi wanapoanguka. Zifunze kama kitu kimoja, kadi moja: mba, nda, nga. "Kitanda" ni ki-ta-nda, si ki-tan-da. Akikata vibaya kwenye kusoma atakata vibaya kwenye kuandika pia.

Kisha kuna m inayosimama peke yake: m-tu, m-ti, m-toto. Hiyo ipe kadi yake ya rangi nyengine. Tatizo ni kwamba "mbuzi" ni mbu-zi lakini "mbwa" ni m-bwa, na mtoto atakuuliza kwa nini. Mwambie apige kofi kila silabi, sikio litamwambia. Vivyo hivyo n-chi na n-ne.

Dh, th, gh na kh msiogope, sauti zake anazo tangu chuoni. Mwandikie dhahabu, thelathini, ghali, kheri, na pembeni ya kila moja herufi ya Kiarabu. Dakika tano yamekwisha hayo. Ng' na ng ndizo zitakazowachosha, ng'ombe na ngoma, kazi ya wiki nzima.

maalim_jangombe
Kuhusu Kiingereza, mama asubiri. Kiswahili herufi haidanganyi: "a" ni "a" popote ilipo. Kiingereza "a" hiyohiyo inabadilika kila neno. Ukimpa leo utamvunjia kile kidogo anachojenga.

ukht_mkoani
Kusoma, sawa, asubiri. Ila cha mdomo sioni ubaya maalim. Majina ya vitu, salamu, kuhesabu, bila kuandika chochote. Mama ataridhika na mtoto hatachanganyikiwa.

maalim_jangombe
Cha mdomo sina neno.

binti_wete
Ahsanteni sana. Nimempima jioni hii, kapata matatu, kwa hiyo narudi mwanzo. Nimeona na jengine: "bata" kaandika "data", na mara mbili kaanza mstari kutoka kulia. Ni kitu cha kutisha?

kokoto_chache
Kuanza kulia si ajabu kwa mtoto anayeandika hati mbili kwa siku moja. Tia kitone chekundu ukingo wa kushoto wa kila mstari, aanzie hapo. Baada ya wiki mbili punguza, weka mstari mmoja kwa mitatu.

B na d usizifunze pamoja. Shika b mpaka asikosee siku nne mfululizo, ndipo ulete d. Tofauti iwe mkononi kabla ya machoni: b inaanza na fimbo, kalamu inashuka kwanza. D inaanza na tumbo. Tandaza mchanga mkavu kwenye sinia, aandike kwa kidole huku akisema "fimbo, tumbo, ba". Mara kumi kila siku. Akianza na tumbo kwenye b mzuie palepale, usingoje amalize, maana herufi ikitoka sawa kwa njia isiyo sawa kesho itageuka tena.