UPS, kibetri cha rauta au lithiamu? Naomba ushauri, niko Lamu

Bint_Langoni

Assalaam alaykum jamaa. Naomba ushauri kabla sijatuma pesa Mombasa, maana kitu kikishapakiwa kwenye basi, kikafika Mokowe na kuvushwa kwa boti, kukirudisha ni shughuli nyingine kabisa.

Niko Langoni, nyumba ya mawe ya kizamani, ghorofa mbili. Kazi yangu ni kupokea maombi ya vyumba kwa niaba ya wenye nyumba za wageni. Mgeni akiandika usiku asijibiwe, kukicha kashalipa kwingine. Stima ikikatika, laptopu ina chaji na simu ina chaji, lakini mtandao umezima. Bando la simu humu ndani halishiki, kuta hizi za matumbawe hazipitishi kitu. Ndiyo sababu hata waifai ilibidi niongeze kituo cha pili juu.

Vifaa, kwa mujibu wa lebo za adapta: dishi la juu ya paa linalopokea mtandao kutoka mnarani, 24V 0.5A, linapata umeme kupitia waya uleule wa mtandao. Rauta 12V 1.5A; swichi ndogo 9V 0.6A, na kituo cha waifai cha ghorofani 12V 1A. Nataka vikae hewani saa nne bila stima.

Duka moja limeniambia nichukue UPS ya 650VA, kile kisanduku chenye betri kinachoshika stima ikikatika, eti itashika saa nne bila wasiwasi. Jingine lina kibetri cha rauta kilichoandikwa 10,400mAh. Binamu yangu naye anashikilia ninunue betri ya lithiamu ya 12V 12Ah, fundi aje aunge. Nichukue ipi?

FundiMkomani

Waalaykum salaam dada. Kabla ya betri, hebu nikuulize: stima ikikatika, mnara unaokupa mtandao unabaki hewani? Wako watu wana betri nzuri kabisa, rauta inawaka taa zote na intaneti hakuna, kwa kuwa kituo kinachorusha mawimbi kimezimika pamoja nao. Tafuta jirani mwenye sola aliye kwenye mnara huohuo, umuulize. Kama mnara unazima, usinunue chochote kwanza.

Sasa hesabu. Lebo ya adapta inaonyesha kiwango cha juu inachoweza kutoa, si kile ambacho kifaa kinakula. Lebo zako ukizijumlisha ni wati 47 na kitu. Matumizi ya kweli aghalabu ni nusu yake au chini. Tushike 20. Wati 20 kwa saa nne ni 80Wh (wati-saa, yaani wati mara saa), na hiyo Wh ndiyo namba ya kumbana nayo mwenye duka. VA haikwambii muda hata kidogo, inakwambia tu UPS inabeba mzigo wa ukubwa gani kwa mara moja.

UPS ya 650VA kwa kawaida ina betri moja ya asidi, 12V 7Ah. Hiyo ni 84Wh, na kwenye karatasi inakutosha. Lakini UPS inachukua 12V za betri, inazipandisha hadi 240V, halafu adapta zako zinazishusha tena zirudi 12V. Ni kama kuteka maji kisimani, kuyapandisha darini, kisha kuyashusha uyanywe palepale kisimani: njiani yanamwagika. Inveta yenyewe, yaani sehemu ya UPS inayopandisha hizo volti, hula wati kumi au zaidi hata ikiwa haina mzigo. Ikiwa mpya utapata saa moja na nusu, pengine mbili. Nne hupati.

Maweni_MLD

Naongezea kutoka Malindi. Sisi tulio kwenye faiba tuna nafuu kwenye hilo la mnara, kwa sababu vile visanduku vya kugawia laini mitaani havihitaji umeme, ni mwanga tu unaopita. Umeme unahitajika kwenye kituo kikuu na kwenye kisanduku chako cha ndani, basi.

Kuhusu kile kibetri: mAh zake huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, si kwa 12V. Kwa hiyo 10,400mAh ni 38Wh tu, na ukitoa kinachopotea zinabaki kama 32. Mimi nalisha kisanduku cha faiba na rauta, jumla kama wati 11, napata karibu saa tatu na nimeridhika. Kwa wati 20 za dada ni saa moja na nusu tu. Isitoshe, aangalie kama kina tundu la 24V kwa ajili ya dishi, vingi vina 5V, 9V na 12V peke yake.

Na asidanganywe achukue pawabenki ya kawaida. Nyingi hukata kidogo pale stima inapoondoka au kurudi, rauta inaanza kuwaka upya, na kama uko katikati ya kuzungumza na mgeni umeshampoteza.

KakaShela

Mimi bado nasimama na UPS. Stima yetu haikatiki tu, inayumba. Inashuka mpaka taa zinafifia, mara inarudi kwa kishindo, na hapo ndipo vitu vinaungua. UPS inakinga. Halafu ni kuchomeka tu, haina fundi wala nyaya.

FundiMkomani

Kaka, kwa kompyuta ya mezani nakuunga mkono, hiyo haitaki kukatwa hata sekunde moja na UPS ndiyo kazi yake. Kwa rauta, mambo mawili. Kila stima inaposhuka sana, UPS inahamia kwenye betri, kwa hiyo stima inayoyumba inachosha betri hata siku ambazo haijakatika. Pili ni joto. Umri wa betri za asidi hupimwa kwenye nyuzi 25. Joto likizidi hapo kwa nyuzi 10, umri unapungua kama nusu. Wewe mwenyewe wajua vyumba vya Shela vinavyokuwa wakati wa kaskazi. Tena betri ya asidi iliyokaa dukani muda mrefu bila kuchajiwa huanza kufa ndani ya boksi lake. Anayenunua UPS aangalie tarehe ya betri kwanza.

Kuyumba kwa stima kuna dawa: kile kilinzi cha friji kinachokata volti zikishuka au kuzidi. Kiweke mbele ya chaja.

Bint_Langoni

Shukran sana nyote. Jirani mwenye sola amenihakikishia mnara haukatiki, ana mtandao hata mtaa mzima ukiwa giza. Nimeazima mita ya kuchomeka ukutani, vifaa vyote vinne pamoja vinakula wati 19, adapta zikiwemo. Basi naona ni lithiamu. Ila naogopa: ni kuchomeka moja kwa moja kwenye betri? Na 24V za dishi zitatoka wapi?

FundiMkomani

Usichomeke moja kwa moja. Betri ya 12Ah ni kama 150Wh, kwa mzigo wako utavuka saa tano, lakini volti zake hazitulii: ikichajiwa hufika 14.6, ikielekea kuisha hushuka mpaka karibu 10. Hakikisha ni ya aina ya LiFePO4 na ina bodi ya ulinzi ndani. Baada ya betri weka kigeuzi kinachopandisha na kushusha, kitoe 12V zilizotulia kwa rauta na kituo cha juu. Kigeuzi cha pili kipandishe hadi 24V, uzipitishe kwenye kile kisanduku cha PoE cha dishi, kinachotia umeme kwenye waya wa mtandao. Cha tatu kidogo, 9V, kwa swichi. Chaja iwe ya LiFePO4, 14.6V, ampea 5, ili ilishe vifaa na bado ibaki ya kujaza betri. Ya betri za asidi usitumie. Fyuzi ya ampea 10 ikae kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri.

Kidaka cha sebuleni kinafaa kuweka vyote, mradi usikifunike kwa pazia na kisiwe upande wa dirisha la baharini. Chumvi inakula vichwa vya shaba mpaka vinaota kutu ya kijani, na hapo mguso unakuwa mbovu, rauta inazimazima watu wanalaumu betri.

Bint_Langoni

Nimekuelewa fundi. Vichwa vya kuingia kwenye rauta niagize vipi?

FundiMkomani

Viko vya 5.5 kwa 2.1 na vya 5.5 kwa 2.5, kwa nje vinafanana. Cha 2.5 kwenye rauta ya 2.1 kinaingia lakini kinalegea. Agiza vyote viwili, ni bei ndogo. Kisha tazama alama kwenye lebo ya adapta, ile ya duara na nukta: chanya iwe katikati. Usichomeke kitu kabla ya kupima kwa mita. Ukifikiwa na mzigo niandikie, niko Mkomani, nitakuja tufunge pamoja.