Saa inayopima sukari kwa mwanga bila kutoboa kidole, nimepigwa au?

Chumbageni_Boy

Habari za jioni wakuu, naombeni msaada hasa wale wa vifaa tiba na mlioko hospitali. Mwezi uliopita nilikuwa Dar nikapita Kariakoo nikamnunulia bi mkubwa saa ya kisasa ya mkononi, muuzaji akaniambia hii inapima mapigo, presha, oksijeni na SUKARI, hutoboi kidole wala hununui stripu, unavaa tu, ile taa ya kijani ya chini inasoma damu yenyewe. Elfu themanini na tano nikatoa bila kuuliza mara mbili, maana bi mkubwa ana kisukari mwaka wa tisa huu, vidole vya mkono wa kushoto vimeshakuwa sugu kwa kuchomwa, na stripu bei yake mnaijua.

Wiki mbili za kwanza raha mustarehe. Kila asubuhi ananipigia simu, leo 5.6, kesho 5.4, keshokutwa 5.7, nikasema alhamdulillah dozi imekaa. Akaanza kujiachia, chai ikarudi na vijiko viwili vya sukari, mahamri yakarudi mezani. Juzi kaenda kliniki, kachomwa kidole, 17.2. Saa hapo hapo mkononi inasoma 5.8. Nesi akamwambia mama vua hiyo kitu. Bi mkubwa kagoma, anasema mashine ya kliniki ndo mbovu, saa kanunuliwa na mwanawe haiwezi kumdanganya 😅

Sasa maswali yangu, hii ni feki au zote ziko hivi hata zile za mamilioni? Na kama mwanga unaweza kuona oksijeni kwenye damu, sukari inashindikana vipi wakati vyote viko kwenye damu ile ile?

MzeeWaKinyerezi

Umepigwa mkuu. Pole sana, tuendelee na mengine.

fundi_vipimo

Mkuu, kwanza mwambie bi mkubwa asiguse dozi yake kwa kuangalia hiyo saa, iwe kupunguza au kuongeza. Hilo ndo la leo leo, mengine yatasubiri.

Mimi kazi yangu kutengeneza mashine za hospitali, hizi za kubana kidole kupima oksijeni nimezifungua hadi nimechoka. Swali lako la pili zuri kuliko unavyodhani. Nenda jikoni chukua glasi tatu za maji. Moja iache ilivyo, ya pili koroga sukari mpaka iyeyuke, ya tatu dondoshea tone la damu ya nyama. Muite mtu umwambie achague kwa macho. Ya damu ataiona toka mlangoni, ila ile ya sukari na ile ya maji matupu atakodoa weee hatajua ipi ni ipi. Basi saa yako iko hivyo hivyo. Himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ina rangi, tena inabadilika rangi, ikibeba oksijeni inakuwa nyekundu ya kung'aa, ikiishusha inakuwa ya giza giza. Sukari haina rangi ya kuikamata, na hiyo mionzi michache isiyoonekana ambayo inaimeza kidogo, maji nayo yanaimeza, na mwili mkubwa wake ni maji. Halafu angalia wingi, lita moja ya damu ina himoglobini gramu 120 hadi 150 au zaidi kidogo, sukari ya mtu mzima asiyeumwa na hajala haifiki hata gramu moja. Unatafuta mtu aliyevaa nguo ya rangi ya ukuta kwenye uwanja uliojaa watu wamevaa nyekundu.

Ile taa ya kijani kazi yake ni mapigo. Damu ni nyekundu kwa sababu inameza kijani, moyo ukisukuma vimishipa vya ngozi vinajaa, kijani kingi kinamezwa na kinachorudi kinapungua, moyo ukilegea kinaongezeka tena, na pembeni ya taa kuna jicho dogo linahesabu huko kupanda na kushuka. Mabadiliko yenyewe madogo mno, asilimia moja mbili hivi ya mwanga unaorudi, ndo maana ukitembea huku unapunga mkono au mkono ukiwa wa baridi saa inaanza kuongea ya kwake.

Oksijeni inatumia taa mbili, nyekundu ya nanomita 660 na infraredi ya 940, hiyo ya pili hauioni kwa macho ila ni ndugu na ile ya rimoti ya TV. Damu yenye oksijeni inaachia nyekundu ipite, isiyo nayo inaimeza, kwenye infraredi inakuwa kinyume, mashine inalinganisha hizo mbili basi. Sasa utauliza ngozi, mfupa na kucha si vinameza mwanga pia? Hapo ndo akili ya Mjapani mmoja injinia anaitwa Takuo Aoyagi. Mwanzoni mwa miaka ya 70 alikuwa anapima kitu kingine kabisa, damu inayosukumwa na moyo, anachoma rangi kwenye mshipa halafu anaifuatilia kwa mwanga sikioni. Mapigo yakawa yanamchafulia mchoro. Akahangaika kuyafuta, kwenye kuhangaika ndo akashtuka kwamba kinachopigapiga ni damu ya ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) peke yake, mfupa haupigi, kucha haipigi, kwa hiyo ukisoma kile kinachopiga tu umeshaitenga ateri na vingine vyote. Mwaka 1974 akaitangaza. Uchafu aliokuwa anaufukuza ndo ukawa kipimo, mimi hii stori huwa haiishi utamu. Kafariki Aprili 2020, wakati ule ule dunia nzima inagombania hivyo vifaa kwa sababu ya korona.

Kuhusu za mamilioni, hakuna. FDA, wale mamlaka ya dawa ya Marekani, Februari 2024 walitoa onyo kabisa kwamba hawajaidhinisha saa wala pete yoyote inayojipimia sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Makampuni makubwa yanatafuta hiyo kitu miaka na miaka na hela wanazo, sasa muuzaji wa elfu themanini na tano kaipatia wapi?

Ukitaka uhakika ivue mkononi ifunge kwenye ndizi au taulo uliloviringisha, uone.

Zuhura_wa_zamu

Niongezee upande wa wodini maana hata kile cha kubana kidole watu wanakiamini kupita kiasi.

Huku pwani bibi harusi na wazazi wanakuja wamepaka piko vidoleni hadi nyeusi tii, unabana kidole mashine inasoma 84 au inakataa kabisa, ndugu wanaanza kulia. Hina ile nyekundu haisumbui sana, piko ndo shida, na rangi ya kucha iliyokolea vile vile. Tunahamishia kwenye kidole cha mguu au ncha ya sikio, au unakigeuza kidole ubavu mwanga usipite kwenye kucha. Kuna dada mmoja alikuja kapaka mikono, miguu, kila mahali, tukamalizia sikioni, 98, mwenyewe anacheka tu.

La pili jiko la mkaa, hili naomba mlisome vizuri. Mtu kalala na jiko ndani milango imefungwa, anakuja kichwa kinamuuma, anatapika, kachanganyikiwa, ukimbana kidole inasoma 99. Nzuri kweli? Hapana jamani! Ile sumu ya moshi wa mkaa inang'ang'ania kwenye himoglobini na kuifanya nyekundu vizuri tu, mashine ya taa mbili haiwezi kutofautisha hiyo na oksijeni. Kwa hiyo mkisikia habari ya jiko ndani ya chumba msidanganyike na namba, mtoe nje kwenye hewa mkimbizeni hospitali aanze oksijeni.

La tatu rangi yetu. Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa utafiti, wakachukua vile vipimo ambavyo mashine ilisoma 92 hadi 96, namba za kumwambia mtu hujambo, wakalinganisha na damu iliyotolewa kwenye ateri. Kwa wagonjwa weusi karibu 12 kati ya kila vipimo 100, oksijeni ya kweli ilikuwa chini ya 88. Kwa weupe karibu 4. Tuseme mara tatu. Weusi wa ngozi nao unameza mwanga. Mimi nikiona 93 halafu mgonjwa anahema juu juu, naangalia kifua chake, ile 93 naiweka pembeni.

Mama arudi kwenye kuchoma kidole. Mwambie achome ubavuni mwa ncha ya kidole na sio katikati, katikati ndo panauma, na abadilishe vidole, kila siku mkono mmoja kwanini.

Dogo_wa_Waya

@fundi_vipimo mi nakataa kidogo. Shemeji yangu yuko Muscat ana kidude kimebandikwa nyuma ya mkono hapa juu, anasogeza simu tu sukari inatokea, hachomi kidole. Sasa hiyo si mwanga?

fundi_vipimo

@Dogo_wa_Waya hicho ni kitu halali ila kinatoboa mzee, akikibandua mwambie akuonyeshe chini, kuna kiuzi chembamba kama unywele kinakaa ndani ya ngozi. Huko ncha ya uzi kuna kimeng'enya kinakula sukari, kikila kinatoa umeme kidogo, umeme ukiwa mwingi sukari nyingi. Stripu za bi mkubwa nyingi zao zinafanya kazi hivyo hivyo. Na kinasoma majimaji ya chini ya ngozi, damu yenyewe hakiigusi, kwa hiyo kinachelewa dakika kadhaa nyuma ya kidole. Saa ya kweli inaweza kuonyesha sukari ikiletewa namba na kidude kama hicho kupitia simu, labda muuzaji alichanganya hapo, au hakuchanganya 😂

Ila ya mwanga ipo moja, Eversense, inapandikizwa kabisa chini ya ngozi na daktari. Ndani yake kuna kemikali inayowaka ikikutana na sukari na jicho linapima huo mwako. Unaona sasa? Mwanga peke yake ulishindwa mpaka ukatafutiwa kitu cha kuwaka. Hata kile kipimo cha haraka cha malaria mnachotobolewa kidole, ule mstari mwekundu ni chembe za dhahabu, dhahabu kweli, zimesagwa ndogo kiasi kwamba badala ya njano zinameza kijani na kuonekana nyekundu. Kimelea hakionekani kwa macho, kwa hiyo protini zake ndo zinavishwa dhahabu.

MzeeWaKinyerezi

Kumbe nimeshatupa dhahabu nyingi sana kwenye ndoo ya taka. Na presha ya hizo saa je? Mimi yangu inasoma 120/80 hata nikitoka kugombana na mwenye nyumba.

fundi_vipimo

Hiyo nayo wanakisia kwa umbo la pigo. Za Samsung zinazopima presha zenyewe zinakudai uilinganishe na mashine ya kufunga mkono kila siku 28, na wao ni Samsung. Ya kwako kama haijawahi kukudai hivyo, hiyo 120/80 ni salamu tu.

Chumbageni_Boy

Wakuu asanteni sana, nimerudi na majibu. Ndizi hakukuwa na iliyonyooka, nikachukua muhogo wa chakula cha mchana, haujamenywa, nikaufunga saa mezani bi mkubwa mwenyewe akiangalia. Taa ya kijani ikawaka, ikazunguka zunguka kama dakika nzima, halafu ikaja: mapigo 76, oksijeni 97, sukari 5.5.

Bi mkubwa kanyamaza muda, akauliza "huu muhogo umekunywa dawa saa ngapi?" Baadae kaenda mwenyewe kuchukua mashine yake ya zamani kabatini, kachoma ubavuni kama alivyosema dada Zuhura, 13.9. Chai ya jioni kainywa bila sukari, kanuna, na saa kaivaa tena, anasema itamsaidia kujua saa za swala.

Ijumaa nampeleka kliniki. Muuzaji nimempigia simu mara nne, inaita tu.