Nimelipia CD nne orijino, tatu zimekuja za kuchoma: wauzaji wa mtandaoni, sisi wa Mtwara mnatuonaje?

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira na sitaki kuzificha.

Wiki tatu zilizopita nilimtumia muuzaji mmoja wa Dar shilingi 140,000, na ya kutolea juu. Ni CD nne, 35,000 kila moja. Sizungumzii zile za kuchomewa nyimbo kibandani. Nazungumzia albamu nzima za kiwandani, tena kwa maneno yake mwenyewe: "Orijino kaka, zimetoka Uingereza, ziko safi." Niliagiza The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, Rumours ya Fleetwood Mac, A Night at the Opera ya Queen, na Brothers in Arms ya Dire Straits.

Hiyo ya mwisho haikuwa yangu, ilikuwa ya baba. Miaka ya themanini alikuwa karani hapa bandarini, baharia mmoja akamwachia kaseti ya albamu hiyo. Mimi nimekua nikiisikia nyumbani kila Jumapili mpaka mkanda ukaliwa na redio. Mzee sasa amestaafu, yuko Chuno, ana redio yake ya CD anayoifuta vumbi kila asubuhi, na miezi mingi alikuwa ananiuliza, "Mwanangu, ile ya gitaa haipatikani tena?" Nikamwambia inapatikana. Nikampa ahadi.

Msifikiri nilinunua kwa kukurupuka. Kabla ya kutuma hela nilimwomba muuzaji picha ya upande wa chini wa CD. Akanitumia. Ni nyeupe ya fedha, inang'aa kama kioo, na karibu na tundu la katikati kuna namba zilizochongwa na herufi ndogo sana, IFPI, yaani alama ya shirikisho la kimataifa la kampuni za muziki. Nikaridhika, nikalipa. Mzigo ukapakiwa kwenye basi, nikalipia 8,000 nyingine, nikaenda kuuchukua stendi ya Mkanaledi saa mbili usiku.

Nilifungua boksi palepale stendi chini ya taa. Ya kwanza kushika ilikuwa ya Queen, na hiyo ni orijino kweli, kijitabu kipo, namba zipo. Nikafurahi, nikafunga boksi nikaenda zangu nyumbani. Sikujua kwamba picha niliyotumiwa ilikuwa ya hiyohiyo moja. Alipiga picha CD moja halali, akaitumia kuniuzia tatu za uongo.

Nyumbani nikafungua Rumours. Ukiigeuza, rangi yake ni kijani iliyochanganyika na buluu. Ukiiinamisha kwenye mwanga unaona duara mbili, ya ndani imekolea, ya nje imepauka, na mpaka kati yake ndipo mashine ilipoishia kuchoma. Kwenye tundu hakuna namba ya albamu, kuna namba ya kampuni iliyotengeneza CD tupu. Kava ni karatasi moja iliyokunjwa, imetolewa kwenye printa ya ofisini. Nilikuwa na jasho mkononi, dole gumba likaondoka na wino mwekundu. Mistari ya bei nyuma ya kava imevia kiasi kwamba hakuna mashine duniani ingeweza kuisoma.

Nikaiweka kwenye redio. Wimbo wa kwanza ukaanza "Don't Stop". Nikadhani nimebonyeza vibaya. Nikarudisha mwanzo, ni uleule. Mwenye kuijua albamu hii ya 1977 anajua inafunguliwa na "Second Hand News" na inafungwa na "Gold Dust Woman". Kwenye hii niliyouziwa, "Gold Dust Woman" ni ya nne na "Second Hand News" ni ya nane. Nilikaa nikaangalia orodha, ndipo nikaelewa: nyimbo zimejipanga kwa alfabeti! Aliyechoma alipakua faili, akaziburuta zote kwa pamoja kwenye kompyuta, akabonyeza kitufe, akaenda kula. Hakusikiliza hata wimbo mmoja. Watu watano walikaa studio wakibishana wimbo upi ufuate upi, na huyu mtu amewapanga kama majina ya daftari la mahudhurio.

The Dark Side of the Moon ndiyo iliyoniumiza zaidi. Albamu hiyo ya 1973 nyimbo zake zimeunganishwa, moja inaingia ndani ya nyingine bila kupumua. "Brain Damage" inapoisha, "Eclipse" imeshakushika. Kwenye hii kopi, kila wimbo unapoisha inakatika ghafla, kimya cha sekunde mbili, halafu inaanza tena katikati ya sauti kama mtu aliyezibwa mdomo akaachiwa. Nimerudia mara tatu nikitumaini ni redio yangu. Nikaweka ile ya Queen, ikapita vizuri kabisa. Redio haina kosa.

Na matoazi. Wenye sabufa nzuri mtanielewa. Toazi la ngoma likipigwa linatakiwa lilie, lichelewe kufa. Hapa linatoa sauti ya mchanga unaomwagwa kwenye bati. Hiyo ni dalili kwamba kilichochomwa ni MP3 iliyobanwa. CD ya kawaida inatumia megabaiti kama 10 kwa kila dakika ya muziki, MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inatumia kama moja. Yaani kati ya sehemu kumi na moja zimetupwa kumi. Ukiirudisha kwenye CD haivimbi ikawa kama zamani. Ni sawa na nazi: tui la kwanza mtu ameshalichukua, wewe unamwagia maji chicha unaniambia hili nalo ni tui zito.

Sasa ya mzee. Nilimpelekea Jumapili, kwa kuwa nilikuwa bado na tumaini la kijinga kwamba labda hiyo imesalimika. Brothers in Arms ilitoka 1985, na ni miongoni mwa albamu za mwanzo zilizoufanya ulimwengu uihamie CD. CD yake ilibeba zaidi ya santuri: nyimbo kadhaa kwenye santuri zilifupishwa ili zitoshe, kwenye CD zikaachwa ndefu. CD ni dakika 55, santuri ni 47. Nilipoiweka, kioo cha redio ya baba kikaandika 47. Sikuhitaji kuigeuza. Mzee akasikiliza nyimbo mbili, kichwa chini, halafu akaniuliza taratibu, "Mbona gitaa linakatishwa kabla halijamaliza?" Sikuwa na jibu la kumpa. Amekumbuka gitaa la miaka karibu arobaini iliyopita kuliko mtu aliyelipwa 35,000 kuniuzia.

Nikampigia muuzaji. Akapokea vizuri tu. Nikamweleza yote haya kwa utulivu, rangi, mpangilio, dakika. Akanijibu maneno mawili: "Kwani haziimbi?"

Wakuu, hilo ndilo limenifanya nifungue uzi huu. Kwani haziimbi! Ningetaka kitu kinachoimba tu ningekwenda kibandani na flashi yangu, kwa buku mbili nijaziwe nyimbo mia, na kijana wa kibandani hanidanganyi, ananiambia kabisa hizi nimepakua. Sina ugomvi naye. Kila mtu anajua anauziwa nini. Nilipolipa 35,000 nililipia albamu kama ilivyotoka mikononi mwa waliotengeneza, na kijitabu chenye majina ya wapiga vyombo na maneno ya nyimbo, na sahani iliyogandamizwa kiwandani yenye alumini ndani. CD ya kuchoma ina tabaka la rangi lililounguzwa na leza, na rangi hiyo jua na joto vinaila. Kwa joto la huku kwetu, miaka michache tu itaanza kurukaruka. Ameniuzia kitu kinachokufa kwa bei ya kitu cha kurithisha.

Nilipomwambia nataka hela yangu, akabadilika: "Kaka wewe uko Mtwara, hizi huko hata hazipo, shukuru umepata." Kisha akanifungia. Simu haipokelewi, ujumbe hauingii.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Toka Dar mpaka hapa ni kilomita 560 hivi, na anajua hakuna mtu wa kupanda basi alfajiri, ashinde njiani, avuke Rufiji, alale gesti, kwa ajili ya 105,000. Mteja wa Sinza au Temeke angemrudia dukani kesho yake asubuhi na kumtupia mezani. Huyo anapelekewa za kweli. Za kuchoma zinapandishwa basi la kusini. Sisi tunaambiwa tushukuru. Ntwara kuchele jamani, kumekucha muda mrefu, huku tuna macho na tuna masikio.

Najua watakuja watu hapa kuniambia, "Mkuu, karne hii bado CD? Sikiliza mtandaoni." Mzee wangu hana simu janja na hataki. Na mimi mwenye nayo, nakumbuka Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini zilipokatika, nchi nzima ikawa inazungusha duara kwenye skrini, siku chache tu baada ya barabara ya Lindi nayo kukatwa na mafuriko. Wiki ile muziki pekee uliosikika nyumbani ni wa kwenye rafu. Ila hata kama nisingekuwa na sababu yoyote, hela ni yangu na nimesema ninachotaka. Kwa nini niuziwe kingine?

Na si kwamba watu waaminifu hawapo. Hapa sokoni kuna mzee anauza CD za mtumba, anazitandika chini kwenye turubai pamoja na chaja na rimoti. Anauza 5,000. Mara ya mwisho nilishika moja akanizuia mkono: "Hiyo wimbo wa saba unaruka, usiichukue kwa bei hiyo, nipe elfu mbili." Hana kava la kuvutia, hana ukurasa, hana picha. Anakuachia uigeuze uitazame juani mpaka uridhike. Tatizo lake ni moja tu, anauza kinachomfikia, huwezi kumwagiza.

Nimetunza kila kitu: ujumbe wa malipo, mazungumzo yote, picha aliyonitumia, tiketi ya mzigo. Mwenye uzoefu wa kupeleka malalamiko ya bidhaa bandia Tume ya Ushindani, au COSOTA kwa upande wa hakimiliki, anielekeze anaanzia wapi mtu wa mkoani bila kusafiri. Jina la duka sitaliweka hadharani kabla sijajua taratibu.

Kwa wanaonunua: picha ya upande wa chini haitoshi, nimejifunza kwa hela yangu. Omba picha ya kila CD peke yake, kava lake likiwa pembeni, na karatasi yenye tarehe ya leo na jina lako. Soma namba iliyochongwa kwenye tundu, ndiyo ya kuamini. IFPI isipoonekana kwenye CD ya kabla ya 1994 si kosa, herufi hizo zilianza mwaka huo. Lakini namba ya kiwandani lazima iwepo.

Na ombi la mwisho. Kama kuna mtu Mtwara, Lindi, Masasi, Nachingwea, popote, ana Brothers in Arms ya kiwandani na yuko tayari kuiachia, aniandikie faragha na bei yake. Mikwaruzo midogo si neno. Iweke kwenye redio kwanza, ukiona 55 kwenye kioo, nakuja kuichukua mwenyewe.