Mjadala: Tupunguze kula nyama kuokoa mazingira, na sisi tumo au hayo ni ya wenzetu?

Wakuu habari za muda huu. Nimeleta hii tujadili bila matusi. FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2013 walisema mifugo inachangia asilimia 14.5 ya gesi zinazopasha dunia joto zinazotokana na shughuli za binadamu, ripoti yao ya 2023 imeshuka kwenye 12 hivi, ndo maana tunaambiwa tupunguze nyama hasa ya ng'ombe. Denmark hawajaishia kwenye maneno, 2024 wamekubaliana kodi ya gesi ya mifugo itakayoanza 2030. Msimamo wangu, anayekula zaidi ndo apunguze. Mmarekani anapiga zaidi ya kilo 100 kwa mwaka, Mtanzania wastani kama 15, na hapo Idi na Krismasi zimo. Sasa mtu wa Kishapu huko Shinyanga apunguze nini?

Mla Supu: Mimi mwenye bucha kashanipunguzia zamani kwa bei yake, robo kilo tunaila watu sita na mchuzi mwingi. Waliofyeka Amazon kupanda nyasi za ng'ombe waanze wao.

Bwana Shamba: Mkuu mtoa mada hapo umeruka kitu. Ukipiga hesabu kwa kilo ya nyama, ng'ombe wetu ndo anatoa gesi nyingi kuliko wa Ulaya. Wa kwetu anachungwa miaka minne, mitano, sita, kiangazi anakonda masika anarudisha, na muda wote huo anacheua na kutoa methani (inatoka zaidi mdomoni akibeua, sio huko nyuma mnakokuchekea), wakati wa wenzetu mwaka na nusu au miwili yuko machinjioni. Na methani haikai sana angani, kama miaka 12, ila ukipima kwa miaka 20 inapasha joto zaidi ya mara 80 kuliko kaboni daioksaidi ya uzito uleule. Kwahiyo tumo.

Mtoa mada: Sawa lakini huyo ng'ombe sio nyama tu, ni maziwa, mahari, ada ya mtoto, analima na samadi anatoa. Gesi yote ukiibebesha nyama peke yake unamwonea mfugaji.

Mtu wa Mbarali: Nyie mnaongelea gesi, huku kesi ni maji. 2006 wafugaji walitolewa Ihefu, lile eneo oevu la bonde la Usangu, wakiambiwa ng'ombe wao wanaua mto Ruaha Mkuu, 2008 Usangu ikaingizwa Hifadhi ya Ruaha, haya mbona kiangazi mto bado unakata? Maji yanaishia kwenye mashamba ya mpunga huko juu, ng'ombe akabebeshwa lawama zote. Na majaruba nayo yanatoa methani. Mbona hamsemi tupunguze wali?

Dada wa Sinza: We kaka wali usiuguse kabisa 😂😂 Ila serious, huo wastani wa kilo 15 unaficha watu. Hapa mjini kuna wanaoamka na supu, mchana mishkaki, wikendi nyama choma kilo nzima watu wawili na mkaa unateketea kutoka misitu ya Pwani na Morogoro. Hao ndo Wamarekani wetu, wakihamia kuku na maharage siku mbili tatu kwa wiki hakuna atakayekufa, gesi ya kuku ni ndogo sana ukimlinganisha na ng'ombe.

Mla Supu: Dada umenitaja bila kunitaja.

Bwana Shamba: Namuunga mkono dada ila dawa kubwa ni umri wa kuchinja. Kanda ya Ziwa kuna watu wananenepesha kwa mashudu ya pamba miezi mitatu ng'ombe anauzwa, unafuga wachache unapata nyama ileile. Tatizo baba zetu, zizi likijaa ndo heshima, kuuza mpaka mtoto augue.

Mtu wa Mbarali: Sio heshima tu, hiyo ndo benki yake. Auze hela aiweke wapi, na anamuuzia nani? Mnadani dalali anampangia bei.

Mtoa mada: Hapo ndo penyewe. Kenya ukame wa 2020 mpaka 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni 2, walishatoa gesi yao yote na nyama yao haikufika bucha yoyote. Hao hata nchi nzima ingeacha nyama isingewasaidia, walitakiwa wanunuliwe kwa bei ya maana wakiwa bado na minofu. Wenye kujua biashara ya mnadani karibuni, nani anaweza kununua mapema hivyo na ng'ombe akawapeleka wapi?