Beki wa hoki ya barafuni: aanzie ligi ya vijana ya Québec au chuo kikuu cha Marekani?

Mjomba wa Kamalondo (Lubumbashi): Ndugu zangu, mtoto wa dada yangu anaishi Montréal na ni beki wa hoki ya barafuni. Timu moja ya ligi ya vijana ya Québec, QMJHL, inamtaka, lakini mama yake angependa asubiri chuo kikuu cha Marekani. Familia inangoja neno langu kabla ya mwisho wa mwezi. Njia ipi itamfikisha NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini?

Yaya wa Katuba: Papa, hujataja umri wake, wala alama zake za shule, wala upande anaopigia. Usicheke hilo la upande: mabeki wanaopigia kulia ni wachache, na timu huwatafuta sana.

Mjomba wa Kamalondo: Ana miaka 16, anapigia kulia.

Mwana Ibanda (Bukavu): Chuo kikuu. Beki Cale Makar alichaguliwa wa 4 na Colorado mwaka 2017, timu za NHL zilipochagua vijana kwa zamu, akakaa miaka miwili katika chuo kikuu cha Massachusetts, na mwaka 2022 akatwaa Norris, tuzo ya beki bora, pamoja na Kombe la Stanley, kombe la bingwa wa NHL. Vyuo hucheza mechi chache, hivyo kijana hupata siku za kujenga mwili, na beki asiye na mwili atasukumwa ukutani kila jioni.

Yaya wa Katuba: Beki hujifunza kwa kucheza, ndugu. P.K. Subban, ambaye wazazi wake walihamia Kanada kutoka Karibi, alilelewa na ligi ya vijana ya Ontario, akachaguliwa wa 43 na Montréal mwaka 2007, akapitia AHL, ligi iliyo chini ya NHL, na Norris akaipata mwaka 2013. Isitoshe, tangu Agosti 2025 aliyecheza ligi za vijana za Kanada anaruhusiwa kuingia timu ya chuo kikuu, jambo lililokatazwa zamani kwa sababu alihesabiwa kuwa mchezaji wa kulipwa.

Mama Furaha (Goma): Ruhusa bila alama haimsaidii. Mdogo wangu alikuwa beki wa kandanda hapa Goma. Alipokuwa na miaka 17, wakala mmoja alimwahidi majaribio ng'ambo, akamtoa shuleni katikati ya mwaka, akatuchukulia dola mia nane za pasipoti na viza, kisha akawa hapokei tena simu. Mtoto aliona haya kurudi darasani na wadogo zake, akaumia goti kwenye mechi ya mtaani, na leo anaendesha pikipiki. Papa, ahadi ya masomo iandikwe ndani ya mkataba, na mama yake ausome mwenyewe.

Mzee Ruashi: Mabeki wa Mazembe, klabu yetu ya kandanda ya Lubumbashi, walifika fainali ya dunia ya vilabu mwaka 2010. Nani aliwauliza diploma?

Mwana Ibanda: Na Inter ikawafunga matatu, Mzee. Hata hivyo hoki si kandanda: beki huingia kwa chini ya dakika moja, hutoka, huingia tena, na hukomaa polepole. Zdeno Chara alichaguliwa wa 56 mwaka 1996, Norris akaipata mwaka 2009.

Yaya wa Katuba: Chara huyo naye alipitia ligi ya vijana ya Kanada, kule Prince George. Umenisaidia.

Mjomba wa Kamalondo: Asanteni. Je, kimo cha mita 1.78 hakitamzuia?

Mama Furaha: Papa, na alama za shule?